Programa ya kuflashia maikrokontrola kwa kazi ya uzalishaji: maswali yanayorejea kila siku

Haya ni maswali yanayotufikia kutoka kwa watu wa Unguja na Pemba wanaotengeneza vitu vyao wenyewe, friji gadi, kontrola za pampu za kisima, taa za sola, vipimo vya unyevu vya kukaushia karafuu na mwani, na sasa wamefika pahala bodi si tatu nne tena, ni mia au mia mbili, na ile programa, kidude cha kuandikia programu ndani ya chipu, iliyokuwa inatosha mezani imeanza kuwachelewesha. Mengine nimeyajibu kwa mstari mmoja miwili kwa sababu hayana mengi, mengine nimekaa nayo kwa sababu ndo yanayokula pesa za watu.

Programa ya mezani na programa ya uzalishaji zina tofauti gani hasa? Si zote zinaandika chipu?

Zinaandika zote, ndio. Tizama nani anaitumia na kinatokea nini bodi moja ikikataa. Ya mezani imetengenezwa kwa mtu anayeandika kodi, ana laptopu mbele yake, ikitoka erra anaisoma anaielewa anachomoa waya anajaribu tena. Ya uzalishaji inabidi itumike na kijana aliyeanza kazi juzi ambae hajui rejista ni kitu gani na wala hana haja ya kujua, anaeka bodi, anabonyeza, ikiwaka kijani anatia boksi hili, ikiwaka nyekundu anatia boksi lile, khalas. Kama kila bodi lazima uiamue wewe mwenyewe basi hujazalisha bado, bado unafanya majaribio, umezidisha bodi tu.

Halafu ipo tofauti ya kiufundi ambayo wengi hawaijui. Microchip, watengenezaji wa chipu za PIC, kwenye nyaraka zao za kuprogramu PIC za zamani wameandika wazi kwamba programa haihesabiwi ya uzalishaji mpaka iwe inahakiki chipu, yaani inasoma tena ilichoandika, kwa volti ya chini kabisa na ya juu kabisa zinazoruhusiwa, isiyofanya hivo ni ya majaribio. Sababu yake ni kwamba seli ya flashi, kumbukumbu ya chipu inakokaa programu, inashika chaji, na chaji inaweza kuwa nyingi au kidogo, seli iliyoandikwa nusunusu inasomeka vizuri kwa volti 5 na ikasomeka vyengine betri ikishuka. Bodi inapita kwako mezani, inakwenda Makunduchi, baada ya wiki mbili unapigiwa simu taa haiwaki jioni. Ukishalijua hili unaacha kuuliza programa gani inaandika haraka, unauliza programa gani inahakiki vizuri.

Mie natengeneza bodi thalathini tu kwa mwezi. Nahitaji yote haya?

Huhitaji. Chukua programa ya mezani ya orijino ya chipu yako, andika skripti moja fupi inayofuta, inayoandika na inayohakiki kwa amri moja, tengeneza jigi nzuri (kitanda cha kubania bodi wakati wa kuandika, ntakieleza chini), basi. Pesa iliyobaki nunua vipuri. Bodi zikifika mia kadhaa kwa mwezi, au zikianza kupigwa na mtu mwengine asokuwa wewe, hapo ndo uendelee kusoma kwa makini, na hilo la pili naliona kubwa kuliko la kwanza.

Sasa naanzia wapi kuchagua?

Anzia kwenye chipu. Watu wanaanzia kwenye bei, wananunua kitu kizuri sana halafu kinakuwa hakiongei na chipu yao, maanake kila aina ya chipu ina njia yake ya kuongea na programa. AVR za zamani kama ATmega328P zinatumia ISP, pini sita ukihesabu umeme na graundi. AVR mpya, zile ATtiny za familia ya 0, 1 na 2, zinatumia UPDI ambayo ni waya mmoja tu wa data, na USBasp yako, ile programa ya bei poa ya AVR, hapo haina kazi. PIC zinatumia ICSP, pini tano, na kuna PIC za zamani zinataka volti 12 na zaidi kwenye pini ya MCLR ndo ziingie kwenye hali ya kuprogramiwa, hizo hazitaki mchezo wa kujiundia programa kwa Arduino. STM32 na karibu ndugu zake wote wa ARM Cortex wanakwenda kwa SWD, nyaya mbili za data na graundi na waya wa kupimia volti ya bodi. STM8 ina SWIM, CH32V003 ile ya bei rahisi ina waya wake mmoja na inataka WCH-LinkE. ESP32 inakwenda kwa serial ya kawaida, ntaifikia huko chini.

Microchip waliinunua Atmel, wenye AVR, 2016 kwa hio programa zao za PICkit 4 na PICkit 5 zinakamata PIC na AVR zote mbili, na hili kwa mtu anayetengeneza bidhaa mbili tatu tofauti ni faraja kubwa. PICkit 3 iache, nzuri ilikuwa nzuri, lakini chipu mpya haizijui.

Ukiwa bado hujachagua chipu, basi swali la programa liingize kwenye kuchagua chipu, usingoje. Chipu ya bei rahisi senti kumi ambayo programa yake ya uzalishaji inapatikana kwa kampuni moja tu duniani si ya bei rahisi.

Nna USBasp, ya bei poa, kwangu inafanya kazi. Mbona kwenye ATmega328P ambayo haijawahi kuandikwa inagoma, na ikikubali inachukua dakika nne?

Hili swali lina watu wake kila mwezi, kwa hio ntalieleza lote. ATmega328P ikitoka kiwandani inakwenda kwa kloki ya ndani ya megahezi 8 iliyogawanywa kwa 8, yaani megahezi 1. Sheria ya ISP ni kwamba kloki ya programa iwe chini ya robo ya kloki ya chipu, kwa hio chini ya kilohezi 250. USBasp kwa kawaida yake inakwenda 375. Ndo maana chipu haijibu, haijaharibika, inasemeshwa haraka kuliko inavyoweza kusikia. Watu wanatia ile jampa ya mwendo mdogo, inashuka mpaka kama kilohezi 8, chipu inajibu, wanafurahi, wanaiacha hapo hapo. Sasa piga hesabu: kilobaiti 32, kila baiti inasafiri ndani ya amri ya biti 32, ni biti milioni moja na zaidi, kwa kilohezi 8 ni sekunde 131 kuandika na nyengine kama hizo kuhakiki. Bodi mia ni zaidi ya saa saba za kutizama mstari unajijaza.

Dawa yake ni kuigawa kazi mara mbili. Mwanzo ingia kwa mwendo mdogo uandike fyuzi za kloki tu, yaani mipangilio ya ndani inayoiambia chipu itumie kloki gani, hizo ni baiti chache, zinamalizika papo hapo. Toka kabisa kwenye hali ya kuprogramu, maanake fyuzi ya kloki haishiki mpaka utoke. Halafu ingia tena kwa mwendo mkubwa uandike firmwea, ile programu yenyewe ya bodi, sasa chipu iko megahezi 8 na haina tatizo na 375. Kwenye avrdude, softwea inayoiendesha USBasp, mwendo unaubadilisha kwa -B, hakuna haja ya kugusa jampa, skripti moja inafanya yote mawili.

Angalia tu fyuzi unazoandika. Ukichagua kristali ya nje na kristali haijashika risasi vizuri, chipu inanyamaza na ISP haiingii tena mpaka uilishe kloki kutoka nje. Na ile fyuzi ya RSTDISBL usiiguse kabisa, ikishaandikwa pini ya riseti inakuwa pini ya kawaida, ISP imekufa, kuirudisha kunataka programa ya volti 12 na bodi yako haikujengwa kwa hilo.

Kwa hio USBasp inatosha? Kwa kuanzia ndio. Kwa mtu wa kuajiriwa hapana, haina taa ya kumwambia ndio au la, haina hesabu, na klon zake nyingi, zile nakala za bei rahisi, ukiiweka jampa ya volti 3.3 inabadilisha umeme tu wakati nyaya za data zinabaki volti 5, ikiwa kwenye bodi mna sensa ya volti 3.3 kwenye nyaya hizo hizo unaiumiza kidogo kidogo.

Kwanini kila mkiulizwa programa mnajibu jigi?

Kwa sababu bodi nyingi zinazohesabiwa zimekataa, programa haina kosa, pini ndo haijagusa. Mtu ananunua programa ya dola mia kadhaa halafu anaichomeka kwa nyaya za jampa anazishika kwa mkono, sasa hio pesa imekwenda wapi. Mie ningekuwa na bajeti ndogo ningetia kwenye jigi mwanzo, programa baadae.

Jigi ni ubao, pini za pogo (pini zenye springi ndani), na kibanio cha kushusha bodi ikae pale pale kila mara. Pini za P75 zinafaa ukiwa na nafasi ya milimita 2.54 baina ya pini na pini, ikiwa bodi imebanana tumia P50. Kwenye bodi yako weka vituo vya shaba visivyopungua milimita moja, vya duara, bila kofia ya rangi ya kijani juu yake, na vyote upande mmoja wa bodi, nimeona watu wameweka graundi juu na data chini, jigi ya hivo inataka muujiza. Weka na matundu mawili ya kuongozea bodi, yasiwe sawasawa pande mbili, ili mtu asiweze kuiweka kinyume hata akitaka. Waya kutoka programa mpaka jigi uwe mfupi, sentimita kumi na tano ishirini, ukizidisha SWD inaanza kukosea na watu wanadhani chipu feki.

Ubao wenyewe usitumie mbao wala hadibodi. Visiwani hapa masika ikiingia mbao inavimba, pini inahama nusu milimita na nusu milimita inatosha kukosa. Akriliki iliyokatwa kwa leza ni nzuri, ukikosa leza ubao wa plastiki mweupe wa kukatia mboga jikoni unatobolewa vizuri kwa drili ya stendi na hauvimbi. Na hewa ya chumvi inakula pini, hasa kama karakana iko karibu na pwani. Zipigwe mswaki kwa spiriti ya kusafishia bodi kila asubuhi kabla ya kazi, pini zikae na kifuniko usiku, na uwe na pakti ya akiba kwa sababu pini ya pogo ni kitu cha kuchakaa, imeumbwa ichakae.

Kama hutaki jigi, kuna waya za Tag-Connect, zina miguu ya kujishikia kwenye matundu ya bodi na hutii konekta yoyote kwenye bidhaa. Nzuri kwa bodi chache na kwa matengenezo. Kwa mia mbili kwa siku mkono unachoka.

Ipi ina kasi zaidi?

Swali hili karibu kila mara linaulizwa mapema mno. Chukua saa, pima kazi nzima. Tuseme kuchukua bodi, kuiweka, kubana, kutoa na kuitia boksini ni sekunde 25, na kuandika na kuhakiki ni sekunde 6. Ukinunua programa yenye kasi mara mbili umeokoa sekunde 3, kwa bodi mia mbili ni dakika kumi. Dakika kumi! Wakati bodi zikibaki kwenye paneli yao, ule ubao mmoja zinakotoka kiwandani zimeshikana, hazijavunjwa, kumi pamoja, unaishika paneli mara moja unaprogramu zote, umeokoa saa nzima na huku programa ni ile ile. Programa za genge, zinazoandika bodi nne au nane kwa mpigo mmoja, zina maana hapo tu, firmwea ikiwa kubwa au paneli ikiwa ipo.

Laptopu au programa inayojitegemea yenyewe?

Inayojitegemea, ukiweza. Firmwea inakaa ndani yake, ina kitufe na taa, haina Windows ya kujisasisha katikati ya kazi, haina draiva, hakuna mtu wa kufungua faili lengine kwa bahati mbaya. SEGGER wana Flasher, PEmicro wana Cyclone, hizo za kazi nzito na bei zake nzito vile vile, lakini PICkit 4 na 5 zina sehemu ya kadi ndogo ya kumbukumbu, unaipakia firmwea, unaichomoa kwenye kompyuta na inaprogramu peke yake kwa kubonyeza. Kwa mtu wa PIC au AVR anayeanza uzalishaji hapa kwetu sioni cha kuishinda kwa pesa yake.

Na kuna umeme. Programa ndogo inakwenda kwa pawabenki kutwa nzima. Waliokuwepo Unguja kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 wanakumbuka miezi mitatu ya giza waya wa chini ya bahari ulipoharibika, leo hali ni nzuri kuliko hapo lakini kukatika kwa nusu saa kupo na kushuka volti kupo, ndo maana friji gadi zinauzika. Umeme ukikatika katikati ya kuandika flashi hakuna khasara, bodi unairudia. Ukikatika wakati wa kuandika fyuzi au vitu vya kufunga ambavyo havifutiki, hapo unaweza kuipoteza bodi, kwa hio hatua hizo ziweke mwisho na zipite kwenye UPS au betri.

Bodi zangu za friji gadi naziprogramu zikiwa zimechomekwa ukutani ili nijaribu hapo hapo. Kuna ubaya?

Upo ubaya wa kufa mtu. Friji gadi nyingi za bei rahisi hazina transfoma, zinashusha umeme kwa kapasita, maana yake graundi ya bodi imeungana moja kwa moja na waya wa ukutani, volti 230. Ukichomeka programa, graundi hio inaingia kwenye programa, inaingia kwenye USB, inaingia kwenye laptopu, na mkono wako uko juu ya laptopu. Programu bodi kwa umeme wa programa au wa pawasaplai ya benchi, ukutani hakuna kabisa, kisha ichomoe programa ndo uende kituo cha majaribio ya umeme mkubwa, meza nyengine, kifuniko juu yake. Usiseme ntakuwa muangalifu.

Na suala la nani anailisha bodi umeme, liamue mwanzo. ST-LINK/V2 ya orijino na J-Link, programa za STM32 na ARM, kwa kawaida yake hazilishi bodi, ile pini ya volti ni ya kupimia tu, wakati vile vidude vidogo vya klon vya ST-LINK vinatoa volti 3.3. Mtu akijaribu kwa klon halafu akahamia orijino anadhani kauziwa mbovu.

Si bora niprogramu chipu kabla ya kuzichomea kwenye bodi?

Wengine wanafanya, kwa programa za soketi kama T48 ya XGecu, na kwa chipu za miguu mirefu za DIP ni rahisi na safi. Kwa chipu ndogo za kubandika juu ya bodi nna sababu mbili za kukataa. Moja, miguu inapinda na soketi zinachakaa, na soketi nzuri ni ghali. Ya pili ndo ya hapa kwetu hasa: chipu nyingi zinakuja kwenye pakti iliyofungwa kwa sababu plastiki yake inanyonya unyevu. Daraja la tatu la unyevu linaruhusu saa 168 tangu pakti ifunguliwe, lakini hizo zimehesabiwa kwa nyuzi zisizozidi 30 na unyevu wa hewa usiozidi asilimia 60, na hali hio Zanzibar bila AC huipati. Ukizifungua, ukazishika siku mbili tatu unaziprogramu moja moja, halafu ukazipitisha kwenye tanuri la kuchomea, unyevu uliomo ndani unageuka mvuke na chipu inapasuka ndani kwa ndani, kwa nje huoni kitu. Anayechomea kwa pasi ya mkono hana wasiwasi sana na hili, mwenye tanuri analo. Programu bodi ikishamalizika kuchomewa, na jambo limekwisha. Ukipenda, watengenezaji kama Microchip wanauza chipu zikiwa zimeshaandikwa firmwea yako na kufungwa tena kwenye riili, ila ukigundua bagi baada ya kuagiza ni shughuli.

Klon zina ubaya gani, si kazi ni ile ile?

Kwenye meza yako binafsi, amua mwenyewe. Kwenye uzalishaji mie siziweki, na si kwa dini ya orijino. Klon inafanya kazi leo, kesho softwea inajisasisha inaikataa, na kesho hio ina mzigo wa watu. Oktoba 2014 FTDI, watengenezaji wa chipu za USB, walitoa draiva kupitia Windows iliyokuwa inazigeuza namba za chipu feki za USB zisitambulike tena, watu wasojua hata kama walikuwa na feki waliamka vifaa vyao vimekufa. Tena hakuna klon mbili zilizo sawa, moja pini ya riseti inafanya kazi, mwenziwe haijaunganishwa.

Jengine, J-Link EDU ni ya orijino lakini leseni yake ni ya kusomea, si ya biashara. Mwanafunzi wa SUZA au wa Karume pale Mbweni anaweza kuinunua kwa kujifunza, akianza kuuza bodi inabidi apande.

Namba ya kipekee (serial) ya kila bodi, na rikodi, kuna haja?

Ipo haja kubwa kuliko unavyodhani siku ya mwanzo. Kila bodi iwe na namba yake ndani ya flashi na stika ile ile nje, na faili la rikodi liseme namba, tarehe, toleo la firmwea, imepita au imekataa. Mteja akirudisha unajua ni ya mzigo upi. Programa za uzalishaji zinaongeza namba zenyewe, PICkit na avrdude utaandika skripti. STM32 zina namba ya kipekee ya biti 96 tangu kiwandani na ESP32 ina namba yake ya MAC, ukizitumia hizo hutungi kitu, unasoma tu na kurikodi. Taarifa za kalibresheni nazo, mfano kipimo cha volti cha friji gadi, zinaandikwa wakati huo huo.

Na kufunga chipu watu wasinakili kodi?

Funga, lakini jua kufuli unayoitia. AVR zina biti za kufunga, zinafunguka kwa kufuta chipu yote. STM32 ina ngazi za RDP, ulinzi wa kutosomwa, ya 0 wazi, ya 1 imefungwa na ukirudi 0 flashi inafutika yote, ya 2 kwenye familia nyingi hairudi kabisa maisha. ESP32 inachoma eFuse, nazo zikishachomwa zimechomwa. Kwa bidhaa za kwetu ngazi ya 1 inatosha, na kufunga iwe hatua ya mwisho kabisa baada ya kuhakiki, maanake ukishafunga programa haiwezi kusoma tena ilichoandika.

Faili la firmwea nilitoe HEX au BIN?

HEX. Ndani yake mna anwani, na kwa PIC mna na fyuzi ukizitia kwenye kodi, BIN ni baiti tupu mtu akikosea anwani ya kuanzia imekwenda. Faili la uzalishaji liwe moja tu, jina lina namba ya toleo, chekisamu, namba ya kuhakikishia kuwa faili ni lile lile, imeandikwa kwenye karatasi ukutani juu ya jigi, na la jana liondoshwe pale, lisikae pembeni.

ESP32?

Hii haitaki programa hasa, inataka kibadilisho cha USB kwenda serial, pini ya GPIO0 ishushwe chini na ya EN ipigwe riseti, na softwea yake ya esptool inafanya kazi. Mwendo ndo wa kuangalia: megabaiti moja kwa kasi ya 115200 ni sekunde 91, kwa 921600 ni kama 11, na esptool inabana data kwa hio mara nyingi inapungua zaidi. Weka habu ya USB yenye umeme wake, jigi nne, skripti moja inayosukuma zote. Chipu za kubadilisha za bei rahisi zikikosea kwa kasi kubwa shuka nusu, usigombane nazo.

Nanunua wapi, na ngapi?

Darajani na Mlandege utapata ya kuflashia simu, haya hayapo kwa kawaida. Dar, Kariakoo, utapata USBasp na klon za ST-LINK. Orijino ni kuagiza nje, na ukipiga hesabu weka usafiri, ushuru, na muda wa kungoja. Kwa hio nunua mbili tangu mwanzo. Ya pili ikae kwenye pakti yake, imeshapakiwa firmwea na imeshajaribiwa, si ya kuazimwa na mtu. Programa moja ikifa Jumamosi na mzigo unatakiwa Jumanne, hakuna boti itakayokuletea nyengine. Vile vile waya wa riboni na pini za pogo, viwili viwili.

Mie niko Wete, bodi zangu zinatengenezwa Unguja, ikitokea kubadilisha firmwea kwa zilizokwisha fungwa huku Pemba inakuwaje?

Hapo ndo ile programa inayojitegemea inalipa. Usimpelekee fundi wa Pemba faili na maelekezo ya kuinstoo softwea, mpelekee programa yenyewe ndani ya boksi la chakula la plastiki, kadi imo ndani, waya wa Tag-Connect umo, pawabenki imo, na karatasi moja yenye picha mbili: waya unavyokaa na taa inavyotakiwa iwake. Kabla ya kuituma ijaribu kwa bodi ya toleo la zamani, ile ile iliyoko huko, maanake bodi ya toleo jipya inaweza kukubali na ya zamani ikakataa. Mwambie aandike namba za stika za zote alizogusa, zilizokubali na zilizokataa, akupige picha ya hio karatasi kabla boksi halijapanda boti kurudi.